Kapteni Hatapiki

Ujerumani,
2 Machi 2025

Mama mdogo Sabina, shikamoo.

Naamini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu uliojikwaa nao Krismasi umepona. Mimi sijambo. Baridi imepungua kidogo, ingawa bado navaa soksi mbili mbili. Naomba uniambie mama anaendeleaje huko Sengerema, maana kwenye simu kwake kila kitu ni "salama tu", hata ule mwezi upepo ulipoezua paa la jikoni. Josephat amesema amehamia Nyegezi, karibu na shule anayofundisha. Mwambie mdogo wangu kwamba kunitumia picha ya kidole gumba si kujibu.

Wenzangu hapa wananishangaa nikiandika kwa mkono kwa mtu mwenye simu. Nimewaeleza kwamba mama yangu mdogo hasikii tangu utotoni, na meseji anasema ni za bei ya dagaa, maongezi yanataka karatasi. Mmoja alisema angependa kuwa na mtu wa namna hiyo. Nilijisikia vizuri siku nzima.

Umeniuliza kazi yangu ni nini hasa, kwa sababu pale sokoni Mwaloni umeshawatangazia kwamba natengeneza roketi. Sitengenezi roketi, mama mdogo. Nitakueleza, na wewe ukarekebishe maneno yako.

Watu wakikaa angani muda mrefu, mwili unakosa uzito, na mifupa inalegea kama ya mgonjwa aliyelala kitandani miezi mingi. Sasa wataalamu wanafikiria chombo kinachozunguka, ili ule mzunguko umsukume mtu sakafuni, ajisikie mzito kama yuko nyumbani. Unakumbuka ulipokuwa unatulea, ulivyotufundisha kuzungusha ndoo ya maji juu ya kichwa, na tone lisimwagike? Ni kitu kilekile, ila huku mtu ndiye maji.

Tatizo ni kwamba ndani ya chumba kinachozunguka, ukitulia uko salama, lakini ukigeuza kichwa kumtazama mwenzako unahisi sakafu imepinduka. Jasho linakutoka, mate yanajaa, na chakula kinarudi. Mimi na wenzangu, chini ya profesa wetu, tunatafuta namna ya kuipunguza hali hiyo. Tuna chumba kidogo cha namna hiyo hapa chini duniani, na tunawazoesha watu waliojitolea. Leo tunazungusha polepole, mtu anageuza kichwa mara chache, na tunasimama kabla hajachefuka. Kesho tunaongeza kidogo. Ukiongeza haraka unaharibu kila kitu, mtu anaanza upya. Mimi nakaa humo ndani pamoja nao, naandika wanavyojisikia.

Basi hiyo ndiyo roketi yangu. Ni kuhesabu watu wanaotapika.

Ni mimi mwanao anayekukumbuka kila jioni,
Teodora

*

Kirumba, Mwanza,
30 Machi 2025

Mwanangu Teodora, marahaba.

Mguu umepona, asante. Mama yako ni mzima, mahindi yake yamestawi, na paa ameshaezeka upya bila kumwambia mtu. Ndivyo alivyo dada yangu, hata akiungua moto atasema kuna joto kidogo. Josephat alipita hapa Jumapili baada ya misa, akala ugali wa watu wawili, nikampa ujumbe wako, akacheka na kuonyesha kidole gumba.

Barua yako niliwasomea kina mama wa kikundi tulipokuwa tunapepeta dagaa. Mwanaheri, mwenyekiti wetu, unamjua, yule aliyekufungia biskuti siku unaondoka, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Yaani mtoto kasoma miaka yote hiyo aende kuangalia watu wanatapika? Si angepanda tu mtumbwi na sisi?" Nilisoma midomo yake vizuri kabisa, hakunipunja hata neno moja.

Lakini nina swali la maana. Mnahangaika na nini wakati mimi nipo? Mimi sitapiki, na unajua. Tangu nipone ile homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka tisa, ziwa halijanifanya kitu. Bibi yako alikuwa akihadithia mpaka anafariki, jinsi tulivyovuka kwenye tufani kubwa, watu wazima wote wameinamia maji, hata padri, na mimi nimekaa katikati natafuna michembe ya viazi vitamu. Kabla ya siku hiyo nilikuwa yule mtoto kiziwi wa kusikitikiwa. Baada ya siku hiyo nikawa mtu. Walisema ziwa limechukua masikio likalipa kwa tumbo.

Na mpaka leo ndivyo tunavyofanya kazi. Kukiwa shwari tunakwenda visiwani kununua dagaa kwa zamu. Ukianza upepo wa Juni na Julai, wenzangu wakifika kisiwani wanashuka wamelegea, hawawezi kuchagua mzigo, wanauziwa dagaa wenye mchanga. Kwa hiyo siku za mawimbi navuka mimi kwa niaba ya wote. Mwanaheri ananiita Kapteni. Hata mwenye mtumbwi akiona mawingu anauliza kwanza, "Kapteni yupo?"

Mwambie huyo profesa wenu anichukue. Nitakaa kwenye hicho chumba nikitafuna michembe, na ninyi mtazunguka mpaka mchoke.

Halafu kitu kimoja. Umeandika kurasa nzima juu ya watu wanaochefuka na ukasema unakaa nao humo ndani. Hukusema wewe unajisikiaje.

Aliyekulea na asiyekusahau,
Mama mdogo Sabina

*

Ujerumani,
21 Aprili 2025

Mama mdogo, shikamoo, na heri ya Pasaka.

Leo ni Jumatatu ya Pasaka na mji wote umefungwa, hata duka la mkate. Jana nilikwenda kanisani nikasimama nyuma. Wanaimba kwa upole sana, nikakumbuka ngoma za kwetu, na jinsi wewe unavyovua viatu ili uzisikie kwa miguu. Nilipika ndizi kwa nyama. Ndizi za huku ni za kuangalia tu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mwanaheri mpe salamu, mwambie biskuti zake zilinifikisha mpaka hapa.

Kuhusu mimi kujisikiaje, najisikia vizuri.

Nina maswali machache, na naomba uyajibu moja moja, usiyaruke kama unavyofanya. Ulipopona ile homa, ulijifunza kutembea upya? Taa ikizimika usiku, unatembeaje ndani ya nyumba? Ukifumba macho ukasimama mguu mmoja, unaweza? Na umewahi kuzama majini, hata mara moja, hata kidogo?

Nina sababu ya kuuliza. Nitakuambia nikishapata majibu yako. Nisamehe kwa kukuandikia kifupi.

Mwanao,
Teodora

*

Kirumba, Mwanza,
18 Mei 2025

Teodora, marahaba.

Huku mvua zinamalizia. Mama yako alikuwa na mafua, sasa mzima. Josephat amepata mchumba, anaitwa Winnie, ni muuguzi, nimemwona, ana macho ya mtu asiyedanganyika kirahisi. Mdogo wako anahitaji hayo macho.

Maswali yako yamenichekesha halafu yakanikera. Umeniandikia kama karani wa hospitali. Lakini nimelea mtu mkaidi, acha nijibu.

Ndiyo, nilijifunza kutembea upya. Bibi yako alinishika mikono kama mtoto mchanga, nilikuwa nayumba kama mlevi, ikachukua miezi. Mtu akiugua vile atakosaje kudhoofika? Kuhusu kusimama mguu mmoja nimefumba macho, mimi si korongo. Nilijaribu hapa gengeni kwa ajili yako, nikamwangukia Mwanaheri na sinia lake. Kuhusu taa, nani anatembea gizani siku hizi? Umeme upo, na ukikatika simu ina tochi.

Sasa niambie hiyo sababu. Na usinifiche kitu kwa kuwa uko mbali. Upepo umeanza. Wiki ijayo naanza kuvuka.

Mama yako mdogo anayesubiri,
Sabina

*

Ujerumani,
9 Juni 2025

Mama mdogo wangu, shikamoo.

Nimefurahi juu ya Josephat na Winnie. Nimefurahi pia mama amepona. Nimeiona barua yako, na nimeona swali la nne hukulijibu. Sitalirudia. Nitakuambia ninachokijua, na naomba uisome ukiwa peke yako, usiwasomee kina mama kwanza.

Nilimweleza profesa habari zako, ile ya tufani na michembe. Nilisimulia kwa majivuno. Hakucheka. Aliniuliza ulipotezaje kusikia, na nilipomwambia akanieleza jambo ambalo mimi, na elimu yangu yote, nilikuwa nimelisoma na sikuwahi kulihusisha na wewe.

Ndani ya sikio, nyuma ya sehemu ya kusikia, kuna kiungo kingine kidogo. Hicho ndicho kinachouambia mwili juu ni wapi na chini ni wapi, hata ukifumba macho. Mtu anachefuka kwenye mawimbi kwa sababu kiungo hicho kinasema hivi na macho yanasema vile, mwili unachanganyikiwa. Homa ya uti wa mgongo ikiharibu kusikia, mara nyingi inaharibu na hicho. Watu wa namna hiyo, wengi wao, hawatapiki kwenye chombo chochote, kwa sababu hakuna kinachobishana na macho yao.

Mama mdogo, nadhani ziwa halikukulipa kitu. Nadhani homa ilichukua vitu viwili, na cha pili hakuna aliyekuona umekikosa, kwa kuwa macho na miguu yako vilijifunza kufanya kazi yake. Ndiyo maana uliyumba. Ndiyo maana ukamwangukia Mwanaheri.

Na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mtumbwi ukipinduka kwenye maji yenye giza, macho hayasaidii na miguu haina pa kukanyaga. Wenzako wote wanaolegea na kutapika, mwili utawaambia juu ni wapi. Wewe hautakuambia. Au utakuambia kwa uhakika wote, na utakudanganya. Na ninyi siku za mawimbi mnamtuma huyohuyo mmoja, kwa sababu ndiye asiyetapika.

Nimemwomba Josephat akununulie jaketi la kujiokolea, lile la rangi ya machungwa. Jaketi linajua juu ni wapi. Nakuomba ulivae kila safari, na gizani usivuke kabisa.

Nisamehe kwa kukuambia kwa karatasi. Meseji isingelibeba.

Mwanao anayekupenda,
Teodora

*

Kirumba, Mwanza,
6 Julai 2025

Teodora,

Marahaba. Tu wazima. Daraja la Busisi limefunguliwa, mama yako amekuja kunitembelea kutoka Sengerema kwa gari bila kungoja kivuko, anazungumza habari za daraja hilo tangu asubuhi mpaka jioni.

Barua yako ilifika yeye yupo. Nilimsomea nusu. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Mimi nina miaka hamsini na nne. Kusikia nilikosa nikiwa mtoto, shule wakaniondoa kwa kuwa mwalimu hakujua anifanyeje, mume akaniacha kwa kuwa alitaka mke wa kuongea naye gizani. Kitu kimoja tu watu waliniambia Sabina, hiki unacho wewe na sisi hatuna. Kimoja. Na wewe umekwenda mbali kote huko, umekaa kwenye chumba kinachozunguka, ukanirudishia jibu kwamba hicho nacho ni ugonjwa.

Jaketi Josephat ameleta. Nalikalia gengeni, ni laini kuliko gunia.

Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Sabina

*

Ujerumani,
28 Julai 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Sitaandika tena juu ya masikio yako. Umekataza na nimesikia. Mama nampa salamu, namwomba asioshe vyombo vyote vikaisha.

Nitaandika juu yangu. Mwezi Machi uliniuliza najisikiaje ndani ya kile chumba, nikakuambia vizuri. Nilikudanganya. Ninatapika. Si mara moja moja. Kila zamu nikitoka humo nakwenda kwenye choo cha ghorofa ya chini, ambako hakuna anayenijua, natapika, naosha uso, narudi na daftari langu nikitabasamu. Humo ndani nakaa nimekaza shingo ili nisigeuze kichwa. Wenzangu wanasema nina utulivu. Nimejulikana kwa huo utulivu, mama mdogo. Niliogopa wakijua watasema huyu mtafiti wa kichefuchefu anaumwa kichefuchefu, mtoeni, na mimi nilishawaaga watu wote wa nyumbani kwa sherehe.

Kwa hiyo usidhani nilikuandikia kutoka juu. Niliandika nikiwa na ladha ya matapishi mdomoni.

Niliumia kusoma habari za mume aliyekuacha. Sikuwahi kujua sababu, ulituambia alikwenda Geita kutafuta dhahabu. Na sijakuondolea kitu. Mtoto aliyejifunza kutembea upya kwa macho na nyayo, na akatembea hivyo miaka arobaini na tano mpaka sote tukasahau, huyo ana kitu ambacho mimi sina. Mimi nimeshindwa kugeuza shingo.

Nimeamua kesho namwambia profesa. Nimekuandikia leo ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Wewe sikuombi kitu.

Teodora

*

Ujerumani,
14 Septemba 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Sijapata barua yako. Nimekutumia meseji, hazifiki. Mama anasema "salama tu", na unajua mimi na maneno hayo. Josephat ameniandikia, "Yupo, mzima, anasema atakuandikia mwenyewe, tumeagizwa tusiseme." Nani amewaagiza? Ni wewe?

Nilimwambia profesa. Alinitazama, akasema, "Afadhali, tulikuwa tunakosa mtu anayechefuka haraka." Sasa mimi ndiye ninayezoeshwa. Polepole, nageuza kichwa, wananisimamisha kabla sijachefuka hata kama nataka kuendelea. Wiki iliyopita nilimgeukia mwenzangu nikamwona anacheka, na sakafu haikupinduka. Nililia kidogo, kwa furaha.

Niandikie hata mstari mmoja.

Teodora

*

Kirumba, Mwanza,
5 Oktoba 2025

Mwanangu Teodora, marahaba, marahaba sana.

Ni mimi niliyewaagiza. Nilitaka ulisikie kwangu, na mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji, ndiyo kwanza umefunguliwa. Simu yangu iko chini ya ziwa. Mama yako ni mzima, yupo hapa tangu siku hiyo, amekataa kuondoka, ameosha vyombo vyangu mpaka maua yamefutika. Josephat na Winnie watafunga ndoa kanisani Desemba, kwa hiyo anza kutafuta ruhusa.

Kwanza nikujibu swali la nne.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Jua limezama, mama yako na mimi tunaoga ziwani, maji ya matope. Niliruka kutoka kwenye jiwe. Nikafika chini nikaanza kupanda juu, nikapanda, nikapanda, mpaka mikono yangu ikaingia kwenye tope. Nilikuwa nimeogelea kwenda chini kwa nguvu zangu zote. Mama yako alinivuta kwa nywele. Nilimwapisha asiseme, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimeshakuwa yule mtoto wa tufani. Hakusema kwa mtu yeyote mpaka leo. Ndiyo maana siku ile alikimbilia vyombo. Ulidhani umeniambia kitu kipya, Teodora. Uliniambia kitu nilichokuwa nakijua na mikono yangu tangu utotoni, ila sikuwa na jina lake.

Sasa habari yenyewe.

Barua yako ya kutapika chooni niliisoma gengeni, nimelikalia jaketi. Nilikasirika kwanza, kwamba mtoto anaumwa peke yake chooni na mimi sijui. Halafu nikafikiri, kesho anamwambia profesa, na akisema kesho ni kesho, nimemlea mimi. Sikuweza kukubali uwe jasiri kuliko mimi. Safari iliyofuata nililivaa. Lakini nililivaa chini ya lile koti kubwa la mvua, nikalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Mwanaheri akaniuliza kama nimenenepa ghafla. Nikamwambia ni baridi.

Mwishoni mwa Agosti tulivuka mimi, Mwanaheri na wengine wachache. Yeye alikuja kwa sababu mzigo ulikuwa mkubwa, akatapika njia nzima, maskini. Ulisema nisivuke gizani na mimi nikavuka gizani, tulitaka kuwahi soko la asubuhi. Tulikuwa tunarudi tumejaza magunia mpaka ukingoni. Wimbi lilikuja kutoka ubavuni. Mtumbwi ukalala polepole kama ng'ombe anayejikalisha, na sote tukaingia majini.

Nisikilize vizuri. Kule chini nilijua juu ni wapi. Sikuwa na shaka hata kidogo, nilijua kama ninavyolijua jina langu. Nikapiga miguu kwenda huko. Na jaketi likanivuta upande mwingine. Nikapiga miguu tena, likanivuta tena. Nilikasirika nalo. Nilidhani limenasa kwenye kamba za magunia, linanizamisha. Nikaingiza mkono chini ya koti nikakamata ile kufuli ya plastiki ili nilivue, na hapo ndipo nilipojikata, kwenye nini sijui.

Nilikuwa nimeshalegeza kufuli moja nilipokumbuka maneno yako. Utakuambia kwa uhakika wote, na utakudanganya. Nilikuwa nimeyachukia maneno hayo, na labda ndiyo sababu nilikuwa nimeyashika. Mwili wangu unasema huku, na mtoto wangu amesema nisiuamini. Mwanangu, sijawahi kufanya kitu kigumu kama kile. Niliachia kufuli. Nikakunja mikono kifuani nikaacha kupigana, na likanipeleka upande ambao mimi nilijua kabisa kuwa ni kifo. Kichwa kikatoka kwenye hewa.

Tulishika ubavu wa mtumbwi. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, tulipoteza mzigo na simu tu. Giza lilikuwa totoro. Gizani mimi siwezi kusoma midomo ya mtu, kwa hiyo sikujua nani yupo na nani anasema nini. Mkono mmoja ulishika wangu, nikaupapasa nikakuta bangili za Mwanaheri. Basi nikaanza kusema. Nilimwambia yote. Masikio, kiungo cha pili, tope la utotoni, barua yako, jaketi chini ya koti. Nilisema bila kujua kama ananisikia au ananicheka. Kila nilipomaliza jambo moja alinibana mkono. Nikaendelea mpaka mitumbwi ya wavuvi wa dagaa ikatuona na taa zao zikaja.

Kulipokucha nikauona uso wake. Akasema polepole ili nimsome, "Sisi ndio tuliokuwa tunakutuma, Sabina." Akarudia, "Sisi." Alilia sana, nami nililia, na hatukuwa na hata kanga kavu ya kujifuta.

Kikundi kimekaa kikao. Sasa hapandi mtu mtumbwi bila jaketi, na hakuna safari za giza hata soko likituponyoka. Siku za mawimbi wanakwenda kwa zamu. Wanatapika, lakini niliwasomea barua yako ya kwanza, ile ya kuzoesha. Kila asubuhi Mwanaheri anakaa kwenye mtumbwi uliofungwa gatini na kugeuza kichwa kushoto na kulia kama kuku anayetafuta vifaranga, na mimi nasimama ufukweni namtazama rangi ya uso. Akianza kupauka namshusha, hata akibisha. Juzi alivuka kwenye upepo wa wastani akarudi na mzigo mzuri na kifungua kinywa chake kikiwa tumboni. Alijigamba mpaka nikajuta kumfundisha.

Mimi nabaki Mwaloni kuuza. Sitakudanganya, nasikitika. Mwenye mtumbwi akiona mawingu hanitafuti tena kwa macho. Kuna asubuhi nakwenda kusimama gatini bila sababu. Lakini bado wananiita Kapteni, na Mwanaheri amemkaripia mmoja aliyeanza kuniita dada.

Nimefurahi sakafu yako haikupinduka. Ukimaliza kuzoea, uwe unanijibu ukweli mara ya kwanza, umenisikia?

Kuhusu profesa wako. Mama yako ananiambia uliwahi kumdokeza kwamba angependa kunipima, na kwamba uliogopa kuniuliza. Niulize basi. Mwambie nitakuja, Desemba ikishapita harusi ya Josephat tutaondoka wote wawili, nikushike mkono kwenye hizo ngazi zao za umeme. Nitakaa kwenye chumba chao na michembe yangu, wanizungushe watakavyo, waandike yote.

Lakini waambie mapema, ili wasije wakasahau. Taa wasizime.

Mama yako mdogo,
Sabina